GHC ikigoma: kutafuta na kurekebisha makosa ya aina katika Haskell

Anayeanza lugha ya programu ya Haskell hukutana na jambo hili siku ya kwanza: programu haijakimbia hata hatua moja, na GHC, kompaila yake, tayari imejaza skrini maandishi ya kulalamika. Mwongozo huu unafuata ujumbe unaouona kwenye skrini. Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kisha shuka. Mifano ni ya Haskell, lakini anayeandika OCaml, F# au Elm ataitambua mingi. Lugha zote hizi zimerithi mbinu moja ya kubaini aina za thamani (namba, stringi yaani maandishi, orodha na kadhalika) bila kumlazimisha mwandishi azitaje, mbinu iliyoelezwa na Roger Hindley mwaka 1969 na Robin Milner mwaka 1978.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote. Kompaila haijui ulichokusudia. Inakusanya ushahidi kutoka kila kona ya msimbo: hapa x imejumlishwa, basi ni namba, pale x imeunganishwa na stringi, basi ni stringi. Ushahidi wa pili unapogongana na wa kwanza, inasimama na kutaja mstari ule. Kwa hiyo mstari unaotajwa ni mahali mashahidi wawili walipopishana, na aliyesema uongo anaweza kuwa mistari arobaini juu, au kwenye faili jingine kabisa. Wengi hupoteza jioni nzima wakikarabati mstari usio na kosa lolote.

Kabla ya kugusa msimbo

Soma kosa la kwanza peke yake. Ukipata makosa kumi na mawili, huenda kumi na moja yamezaliwa na lile la kwanza. Lirekebishe, kompaili upya, ndipo utazame yaliyobaki.

Elewa pande mbili za ujumbe. *Expected* ni aina inayodaiwa na mazingira, yaani kile ambacho nafasi ile inataka. *Actual* ni aina ya kitu ulichokiweka hapo. Ukizichanganya utarekebisha upande usiohitaji kurekebishwa.

Kisha soma mistari inayoanza na *In the second argument of*, *In the expression* na kadhalika. Inatoka kwenye kipande kidogo kwenda kikubwa, kwa hiyo mstari wa juu kabisa ndio unaokupa eneo finyu zaidi.

Kuanzia GHC 9.6, ujumbe wa kosa una namba yake, mfano `[GHC-83865]` kwa aina zisizolingana na `[GHC-39999]` kwa klasi (kundi la matendo ambayo aina inaweza kufundishwa) isiyotimizwa. Itafute namba hiyo kwenye faharasa ya makosa ya Haskell, errors.haskell.org. Ni njia fupi kuliko kunakili ujumbe mzima wenye majina ya fanksheni zako.

Na la muhimu kuliko yote: andika tamko la aina juu ya kila fanksheni ya ngazi ya juu. Tazama fanksheni hii ya kugeuza orodha:

```haskell
geuza [] = []
geuza (x:xs) = geuza xs ++ x
```

Ina kosa: palipaswa kuwa `++ [x]`. Lakini GHC inaipitisha bila neno, kwa sababu kuna aina moja inayoifaa, `[[a]] -> [a]`, yaani orodha ya orodha. Kompaila imekubali programu tofauti na uliyoidhania. Siku mbili baadaye, kwenye faili jingine, unaandika `geuza [3,5,8] :: [Int]` na unaambiwa:

```
No instance for (Num [Int]) arising from the literal ‘3’
```

Sasa unaitazama 3 na kujiuliza imekosa nini. Haina kosa. Rudi kwenye fanksheni, andika `geuza :: [a] -> [a]` juu yake, na papo hapo kosa linahama hadi kwenye `++ x`, mahali pake halisi. Tamko la aina ni ushahidi ambao kompaila haiuhoji. Inawapima mashahidi wengine wote kwa huo. Ndiyo maana naliweka mbele ya kila mbinu nyingine humu.

Dalili ya kwanza: Couldn't match expected type … with actual type …

*Namba za aina mbili zimekutana.* Hii ndiyo sababu inayoongoza, na mfano wake maarufu ni wastani:

```haskell
wastani :: [Double] -> Double
wastani xs = sum xs / length xs
```

`length` hurudisha Int, na Haskell haibadilishi Int kuwa Double kimyakimya. Andika `fromIntegral (length xs)`. Katika OCaml ugonjwa ni huohuo kwa sura nyingine: `+` ni ya namba kamili peke yake, na desimali zina `+.` yake, hivyo `1 + 2.0` inakataliwa.

Hapa pana onyo. `fromIntegral` haitoi kosa inapohamishia namba kubwa kwenye chombo kidogo. `fromIntegral (300 :: Int) :: Word8` inakupa 44, bila onyo wala programu kuanguka. Kutoka Int kwenda Double kwa hesabu za kawaida ni salama. Kwenda kwenye Word8, Int16 au Int32, hakiki kwanza kuwa namba inatosha. Na kama namba hiyo ni fedha, usiigeuze kuwa Double ili tu kompaila inyamaze. Weka senti kwenye Integer, ugawanye mwishoni wakati wa kuonyesha.

*Stringi imeunganishwa na kisicho stringi.* `"Jumla: " ++ jumla` inakataa iwapo jumla ni namba. Andika `show jumla`. Ila ukiiwekea `show` stringi yenyewe, itatoka na alama zake za nukuu, na programu itakompaili vizuri huku ikichapa `"Asha"` badala ya Asha. Hakiki pia alama: `'a'` ni herufi moja, Char, na `"a"` ni stringi, `[Char]`.

*Viingizo vimepungua au vimezidi.* GHC hujitahidi kukusaidia hapa. Ukiona *Probable cause: ‘punguzo’ is applied to too few arguments*, iamini kwanza kabla ya kufikiria kingine. Upande wa kuzidi, chanzo karibu kila mara ni mabano:

```haskell
print punguzo 500 10
```

Haskell inaisoma kama umeipa `print` vitu vitatu. Andika `print (punguzo 500 10)` au `print $ punguzo 500 10`.

Tukiwa hapa, kuna kosa ambalo kompaila haitaliona kamwe. Kama `punguzo :: Double -> Double -> Double` inapokea bei kisha asilimia, anayeiita kwa kupindua mpangilio atapita bila ujumbe wowote na mteja atatozwa bei ya ajabu. Tiba ni kuipa asilimia aina yake:

```haskell
newtype Asilimia = Asilimia Double
punguzo :: Double -> Asilimia -> Double
```

Sasa kuzipindua ni kosa la aina, linalokamatwa kabla programu haijamfikia mtu. Ningependa kila anayelalamikia ukali wa kompaila ajaribu mara moja kuutumia ukali huo kwa faida yake namna hii.

*Text na String.* Programu za kazini hutumia Text, na mafunzo mengi ya mwanzo hutumia String. Zinapokutana, tumia `T.pack` kwenda Text na `T.unpack` kurudi. Stringi zilizoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo zitakuwa Text zenyewe ukiwasha kiendelezi cha `OverloadedStrings`. Ikiwa pande zote mbili za ujumbe zinasema Text, soma mistari ya chini inayoanza na NB: inataja kila moja imetoka moduli gani. Kwa kawaida moja ni `Data.Text` na nyingine `Data.Text.Lazy`, na `toStrict` au `fromStrict` inamaliza kazi. Lakini ikiwa moduli ni ileile na kinachotofautiana ni toleo la kifurushi, kosa haliko kwenye msimbo wako. Limo kwenye orodha ya vifurushi vya mradi, na nitalirudia sehemu ya mwisho.

Dalili ya pili: ujumbe unataja IO mahali usipoitarajia

*Umetumia `let` palipohitaji mshale.*

```haskell
main = do
  let jina = getLine
  putStrLn ("Karibu, " ++ jina)
```

Kwa `let`, jina limekuwa agizo la kusoma mstari, yaani `IO String`. Mstari wenyewe bado haujasomwa. Andika `jina <- getLine`. Kinyume chake nacho hutokea: `n <- length xs` ndani ya main inakataliwa kwa sababu `length` haitoi agizo lolote. Hapo ndipo pa `let n = length xs`.

*Umechanganya monadi mbili (miktadha miwili ya kutendea kazi, kama `IO` na `Maybe`) kwenye `do` moja.*

```haskell
main = do
  bei <- lookup "sukari" orodhaYaBei
  print bei
```

Ujumbe utasema imeshindwa kulinganisha `Maybe` na `IO`. `lookup` inaweza kukosa kitu, na Haskell inakutaka useme utafanya nini kikikosekana:

```haskell
main =
  case lookup "sukari" orodhaYaBei of
    Just bei -> print bei
    Nothing  -> putStrLn "Bidhaa haipo kwenye orodha"
```

Kuna atakayekushauri utumie `fromJust`. Kosa litaondoka kwenye skrini yako, lihamie kwenye skrini ya mtumiaji siku bidhaa itakapokosekana. Usiikubali.

*Mstari wa mwisho wa `do` haurudishi kilichoahidiwa.* Tamko linasema `IO Int`, mstari wa mwisho ni `print jumla`, ambao ni `IO ()`. Ongeza `return jumla` au `pure jumla` chini yake, au ubadilishe tamko.

*Fanksheni safi inataka kusoma faili.* Tamko lasema `Int -> Int`, ila ndani unahitaji thamani iliyomo kwenye faili. Usilazimishe. Soma faili kule juu, ndani ya main, kisha ipitishe thamani kama kiingizo. `unsafePerformIO` itakupitisha, na kisha utapata programu ambayo huna uhakika inasoma faili mara ngapi au wakati gani.

Dalili ya tatu: No instance for …

Ujumbe huu unasema: umefanya tendo ambalo aina hii haijafundishwa kulifanya. Kabla ya kuifundisha, jiulize kama kweli hiyo ndiyo aina uliyotaka iwe pale. Mara nyingi jibu ni hapana.

Ukiona mshale ndani ya mabano, mfano `No instance for (Show (Int -> Int))`, umesahau kuipa fanksheni kiingizo chake. GHC huongeza swali lake, *maybe you haven't applied a function to enough arguments?*, na jibu huwa ni ndiyo. Namba hasi nazo huleta sura hiyohiyo: `kipeo -3` husomwa kama kipeo kutoa 3, na unaambiwa hakuna `Num (Int -> Int)`. Andika `kipeo (-3)`.

Ukiona `Num [Char]`, kuna stringi inayojumlishwa, kwa kawaida iliyotoka kwenye kibodi au faili. Ibadilishe kwa `readMaybe` kutoka `Text.Read`, inayorudisha Nothing mtumiaji akiandika "elfu tano" badala ya 5000. `read` ya kawaida huiangusha programu nzima kwa *Prelude.read: no parse*.

Ukiona `Fractional Int`, umetumia `/` kwenye namba kamili. Tumia `div` ukitaka jibu kamili, ukikumbuka kwamba `div` hushuka chini daima: ``(-7) `div` 2`` ni -4, ambapo `quot` ingekupa -3. Kwenye mahesabu ya madeni tofauti hiyo ina uzito.

Ukiona jina la aina uliyoitengeneza mwenyewe, kama `No instance for (Eq Bidhaa)`, ongeza `deriving (Show, Eq)` mwishoni mwa tamko lake. Na ukiona herufi tupu, kama `No instance for (Show a)`, fanksheni yako imeahidi kupokea aina yoyote kisha ikataka kuichapa. Ongeza sharti: `chapa :: Show a => a -> String`.

Usiandike kamwe `instance Num String` au mfano wake ili kosa liondoke. Ukifanya hivyo, makosa halisi mengine mengi yatapita bila kukamatwa kwenye mradi mzima.

Dalili ya nne: Ambiguous type variable

```haskell
main = do
  s <- getLine
  print (read s)
```

GHC inajua kwamba s itasomwa kuwa kitu fulani, na kwamba kitu hicho kitachapwa. Ni kitu gani, hakuna aliyesema. Inaweza kuwa Int, Double, hata orodha. Mwambie: `print (read s :: Int)`, au ukiwa na kiendelezi cha `TypeApplications`, kilichoingia na GHC 8.0, `print (read @Int s)`.

Wengi hushangazwa na msimbo unaokubalika kwenye GHCi, yaani GHC ya majaribio ya papo kwa papo, na kukataliwa kwenye faili. `print []` ni mmoja wao. GHCi hutumia kanuni legevu zaidi za kuchagua aina pale pasipotajwa, ili kukurahisishia majaribio; kompaila ya faili hailegezi. Kwa hiyo "kwenye GHCi ilikubali" haithibitishi kwamba msimbo hauna utata.

Ujumbe ukikushauri uwashe `AllowAmbiguousTypes`, na hujui kwa nini ungekihitaji, usikiwashe. Kinaahirisha tatizo hadi pale fanksheni itakapoitwa.

Dalili ya tano: Occurs check: cannot construct the infinite type: a ~ [a]

Maneno yanatisha, lakini maana ni nyepesi: kitu kimoja kimetakiwa kiwe a, na papo hapo kiwe orodha ya a. Hakuna aina ya namna hiyo isiyo na mwisho.

```haskell
zungusha (x:xs) = xs ++ [xs]
```

Mwandishi alitaka `[x]`. Dalili hii ikitokea, fanya ukaguzi wa namna tatu tu. Je, umechanganya x na xs? Je, umetumia `:` palipotaka `++`, au kinyume? Je, umeweka mabano ya mraba palipokuwa tayari na orodha, au umeyasahau palipohitajika? Sijaona nyingi zinazotoka nje ya hizo. Ikiwa kosa liko ndani ya fanksheni inayojiita yenyewe, hakiki pia kwamba unapoiita tena unaipa idadi ileile ya viingizo.

Dalili ya sita: rigid type variable

```haskell
idadi :: Num n => [a] -> n
idadi xs = length xs
```

```
Couldn't match expected type ‘n’ with actual type ‘Int’
‘n’ is a rigid type variable bound by the type signature
```

Hapa ndipo wazoefu wa lugha nyingine hukwama, kwa kuwa wanasoma n kama "namba yoyote nitakayoichagua mimi". Ni kinyume chake. Anayechagua n ni yule atakayeiita fanksheni. Umemwahidi kwamba akitaka Double atapewa Double, akitaka Integer atapewa Integer; kisha ndani ukampa Int peke yake. Kompaila inakushikilia ahadi yako. Una njia mbili: punguza ahadi, `[a] -> Int`, au itimize, `fromIntegral (length xs)`. Kwa kawaida kupunguza ndiko sahihi.

Sababu ya pili inajificha zaidi, nayo hutokea kwenye `where`:

```haskell
rudufu :: [a] -> [a]
rudufu xs = ongeza xs
  where
    ongeza :: [a] -> [a]
    ongeza ys = ys ++ xs
```

Ujumbe utakuwa na `a1` na `a`. Namba hiyo ndiyo ishara. Herufi a ya ndani haina uhusiano wowote na a ya nje. Kila tamko lina a yake. Tiba rahisi ni kufuta tamko la ndani. Tiba kamili ni kuandika `rudufu :: forall a. [a] -> [a]` na kuwasha `ScopedTypeVariables`. Kiendelezi hicho kimo tayari kwenye GHC2021, seti ya viendelezi ambayo GHC huitumia yenyewe kuanzia toleo la 9.2, lakini `forall` lazima uiandike. Na ikiwa faili la Cabal (zana ya kujenga miradi ya Haskell) la mradi limetaja `default-language: Haskell2010`, kiendelezi hakimo, jambo linaloeleza kwa nini msimbo uleule unakubalika ukiuendesha peke yake na kukataliwa ndani ya mradi.

Dalili ya saba: ilikuwa inakompaili, nimeongeza mstari mmoja tu

Mara nyingi ni fanksheni iliyoandikwa bila viingizo na bila tamko, kama `zidisha = (*)`. Matumizi ya kwanza kwa Int huifunga kwenye Int, na unapokuja kuitumia kwa 1.5 unaambiwa hakuna `Fractional Int`. Kanuni ya lugha ndiyo inayoifunga. Andika `zidisha :: Num a => a -> a -> a` na fundo linafunguka.

Ujumbe mrefu usioeleweka hata kidogo

Ukishindwa kutambua dalili, acha kubahatisha na uanze kupunguza eneo.

Chukua kipande kikubwa unachokishuku, weka `undefined` mahali pake, kompaili. Ikikubali, kosa limo ndani ya kipande hicho. Rudisha nusu yake, ujaribu tena. Kwa kukata nusu kwa nusu hivi utafika kwenye usemi mmoja haraka.

Ukishafika, badilisha `undefined` iwe mstari wa chini, `_`. GHC itajibu *Found hole: _ ::* na kufuatiwa na aina kamili inayotakiwa pale, pamoja na orodha ya vitu vilivyopo vinavyoweza kuingia. Shimo hili ndilo chombo ninachokithamini kuliko vyote vya GHC: unaiuliza kompaila inataka nini, nayo inakujibu. Linganisha jibu lake na aina ya kipande chako, unayoipata kwa `:t` kwenye GHCi. Zikitofautiana, umelipata.

Unaweza pia kuwasha `-fdefer-type-errors`, inayogeuza makosa ya aina kuwa maonyo ili uendeshe sehemu zilizo nzima. Ni kwa GHCi na mashine yako tu. Kabla ya kuuwasilisha msimbo, hakikisha umeiondoa bendera hiyo na kila `undefined`.

Simama, mwite mwenye ujuzi

Simama mara moja ukijikuta unafikiria `unsafeCoerce`. Inaiambia kompaila ichukulie kitu kama aina nyingine bila kuhakiki lolote, na matokeo yake yanaweza kuwa data iliyoharibika au programu kuanguka mahali pasipo na uhusiano na kosa.

Simama ukianza kuwasha viendelezi kimoja baada ya kingine kwa kufuata mapendekezo ya ujumbe, hasa `UndecidableInstances` na `IncoherentInstances`. Vina kazi zake halali, ila anayevihitaji huwa anajua anavihitaji kabla ya GHC kumwambia.

Simama ikiwa kosa linataja aina za maktaba ambazo hujawahi kuziandika, limejaa `~` na majina ya *type family*, yaani fanksheni zinazofanya kazi juu ya aina. Muulize anayeitunza maktaba hiyo, au mwenzako aliyeitumia muda mrefu. Ni hivyohivyo kwa matoleo mawili ya kifurushi kimoja: kuyaoanisha kunaweza kugusa mradi wote wa timu, basi anayesimamia vifurushi ajue kabla hujabadilisha chochote.

Ikiwa msimbo unashika fedha, dawa au kumbukumbu za watu, na marekebisho yanabadilisha aina ya namba, mtu wa pili ausome kabla haujaenda kazini, hata kama GHC imeridhika.

Na ukiona *panic! (the 'impossible' happened)*, hilo si kosa lako. Kompaila yenyewe imeanguka, na ujumbe utakuomba uwaarifu watunzaji wa GHC. Kwa ombi lolote la msaada, kwao au kwa mwenzako, peleka vitu vitatu: toleo la GHC kutoka `ghc --version`, ujumbe mzima kama ulivyo bila kuufupisha, na faili dogo kabisa linaloweza kuzalisha kosa lilelile bila kutegemea mradi wako.